Mto Ambao Askari wa Alexander Walikataa Kuvuka

“Mjomba, hawa askari hawali?”

Mpwa wangu ana miaka kumi na miwili, na hilo ndilo swali alilonitupia Jumamosi iliyopita baada ya nusu saa ya kucheza Age of Empires II kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemwonesha mwanzo tu, uleule tuliouzoea tangu gemu hiyo ilipotoka mwaka 1999: wanakijiji watatu, mpelelezi mmoja juu ya farasi, jengo la mji, na ghala lenye chakula 200, mbao 200, dhahabu 100 na mawe 200. Kondoo wanachinjwa, matunda yanachumwa, miti inakatwa. Kila mwanakijiji mpya anagharimu chakula 50 na sekunde 25 za kungoja. Ni mtoto wa mjini, jembe hajawahi kulishika, lakini hesabu ya shamba aliikamata haraka. Alipofikisha askari wa mikuki thelathini, kila mmoja kwa chakula 35 na mbao 25, aliwapanga mbele ya mji akawatazama. Nyuma yao wakulima walikuwa bado wameinamia matuta yao. Ndipo alipouliza.

“Wameshakula,” nikamwambia. “Siku ile ulipowaunda.”

“Basi? Mara moja tu mpaka wafe?”

Mara moja tu mpaka wafe. Nimeicheza gemu hii zaidi ya miaka ishirini, kuanzia enzi za kulipia saa moja moja kwenye vibanda vya intaneti, na swali hilo halikuwahi kunipitia kichwani. Tangu siku ile halinitoki, kwa sababu Jumanne hii, tarehe 14 Oktoba 2025, inatoka nyongeza mpya ya gemu hiyo iitwayo Chronicles: Alexander the Great. Hapa Tanzania itatukuta nyumbani, kwenye mapumziko ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere. Na ukiutazama kwa jicho la mpwa wangu, mkasa wa Alexander ni mkasa wa askari wanaokula, wanaolowa mvua, wanaochoka, na ambao siku moja walimwambia mfalme wao kwamba hawaendi tena.

Nieleze kwanza kinachokuja. Age of Empires ya kwanza, iliyotengenezwa na Ensemble Studios wa Texas mwaka 1997, ilihusu dunia ya kale. Ya pili ikahamia zama za kati, zama za ngome na mashujaa wenye deraya, na ndiyo iliyodumu. Ilifanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2019, na bado inachezwa kwa mashindano hadi leo. Novemba 2024 timu ya CaptureAge ilitumia mashine hiyohiyo ya zama za kati kurudi nyuma hadi Ugiriki ya kale. Nyongeza yao ya kwanza, Battle for Greece, ilileta Athene, Sparta na Uajemi wa Waakhaemeni, kwa hatua 21 kuanzia uasi wa Waionia hadi vita vya Peloponnesos. Ilinifurahisha kuliko nilivyotarajia, hasa baharini. Katika gemu ya awali merikebu zilikuwa kama nyongeza ya pembeni. Kwa Waathene zikawa uti wa mgongo.

Sasa timu hiyo inaendelea pale ilipoishia. Hatua ni 21 tena, zote zinasimuliwa kwa sauti, zikimfuata Alexander katika safari yake. Mataifa mapya ni matatu: Wamakedonia, Wathrasia na Wapuru. Jina la mwisho ndilo lililonifanya nikae sawa kwenye kiti, na nitalirudia.

Sisi wa pwani Alexander si mgeni kwetu. Bandari ya Misri aliyoianzisha mwaka 331 K.K. tunaiita Iskandaria, na jina lake limo humo ndani. Katika Surat al-Kahf yumo Dhulkarnaini, mtawala aliyefika machweo na mawio ya jua na kuwajengea watu ukuta dhidi ya Juju na Majuju. Wapo wafasiri waliosema ndiye huyu Iskandari, na wapo waliokataa katakata kwamba mfalme aliyeabudu masanamu anaweza kuwa mtu yule. Wasomaji wa Biblia nao wanaijua Makedonia kwa safari za Paulo, na Tiro kwa kutajwa mara nyingi pamoja na Sidoni.

Tiro ndipo mahali pa kwanza ninapopasubiri.

Mwaka 332 K.K. Alexander alikuwa ameshaivuka Asia Ndogo na kumshinda Dario wa Tatu, mfalme wa Uajemi, kule Issus. Tiro ilikuwa mji wa Wafoinike uliojengwa juu ya kisiwa, kama mita 700 au 800 kutoka bara, umezungukwa na ukuta. Alexander aliomba aingie kutoa sadaka katika hekalu la mungu wao, ambaye Wagiriki walimwona kuwa ni Herakles. Wakamwambia atoe sadaka yake bara. Hakuwa na jeshi la majini la kutosha. Akaamua kuijaza bahari mawe mpaka akifikie kisiwa kwa miguu.

Ndivyo ilivyokuwa. Askari na watu waliokusanywa kwa nguvu walibomoa mji wa zamani wa bara na kuyatupa mawe yake majini, wakakata miti Lebanoni kwa ajili ya nguzo na minara. Karibu na ufuko kazi ilikuwa nyepesi, maji yalikuwa mafupi na udongo ulishika. Walipofika kwenye kina, mishale ikaanza kuwafikia kutoka ukutani na merikebu za Tiro zikawa zinawajia kutoka pande zote mbili. Wakasimamisha minara miwili kwenye ncha ya tuta na kuifunika kwa ngozi isiunguzwe. Watiro wakachukua chombo kikubwa cha kubebea farasi, wakakijaza kuni, lami na kiberiti, wakaning’iniza masufuria ya mafuta kwenye foromali, kisha wakalundika uzito nyuma ili omo inyanyuke juu. Upepo ulipokuwa mzuri wakakivuta hadi kwenye tuta, wakakiwasha, na kile kichwa kilichonyanyuka kikapanda juu ya mawe kama mamba anayeota jua. Foromali zilipoungua, masufuria yakadondoka. Minara ikateketea yote miwili.

Alexander akaanza upya, akalifanya tuta kuwa pana zaidi. Safari hii alikwenda pia kutafuta merikebu, na miji ya Wafoinike iliyokwisha kumsujudia pamoja na wafalme wa Kipro walimletea zaidi ya 200. Mji ulianguka baada ya miezi saba. Arrian, mwandishi wa karne ya pili B.K. tunayemtegemea zaidi, anahesabu watu wa Tiro kama 8,000 waliouawa na 30,000 waliouzwa utumwani.

Mchezaji yeyote wa gemu hii anajua kuzingira mji. Unaleta mitambo ya kurusha mawe, unabomoa ukuta, unaingiza askari, majengo yanawaka moto na kutoweka. Mpinzani anasalimu amri. Halafu linakuja jedwali la alama: nani aliua wangapi, nani alikusanya dhahabu kiasi gani. Ramani inafungwa. Wale 30,000 hawana safu yao kwenye jedwali. Sitegemei gemu ya watoto na watu wazima inioneshe soko la watumwa, lakini msimulizi anayo sauti, na sentensi moja iliyosemwa vizuri baada ya ushindi yaweza kubeba mengi.

Na kuna jambo jingine kuhusu Tiro ambalo kila nikilikumbuka hunisisimua. Lile tuta halikuondolewa. Mikondo ya bahari ililipigia mchanga mwaka baada ya mwaka, karne baada ya karne, mpaka kisiwa kikaungana na bara. Leo mji ule unaitwa Sur, uko kusini mwa Lebanoni (tusiuchanganye na Sur ya Omani, iliyokuwa ikituletea majahazi), na watu wamejenga nyumba na barabara juu ya mahali ambapo zamani samaki walipita. Milki ya Alexander ilisambaratika punde tu alipokufa. Mawe waliyoyabeba wale vibarua bado yapo chini ya lami.

Wathrasia nitawapitia haraka. Walikaa kaskazini mwa Ugiriki, milimani, katika nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Bulgaria. Kabla ya kwenda Asia, mwaka 335 K.K., Alexander alipanda kwao, nao wakamngoja juu ya mteremko na mikokoteni. Wakaiachilia iserereke juu ya safu zake. Askari walikuwa wameagizwa wafungue njia, na waliokosa nafasi walale chini wakijifunika ngao, na mikokoteni ikapita juu yao. Ukichukua kundi la askari wa gemu na kuliagiza litawanyike kabla jiwe la mtambo halijatua, umefanya tendo hilohilo. Mafundi wa mashindano hulifanya kwa kidole kimoja. Nitashangaa kama hatua hiyo haimo.

Sasa Wapuru.

Gemu nyingi za Alexander humwacha adui wa mwisho bila jina. Anaitwa “Wahindi”, anapewa tembo, anashindwa. Hapa amepewa jina la ukoo wake wa kale, jina linalotajwa tangu nyimbo za Veda, na mchezaji anaweza kukaa upande wake tangu dakika ya kwanza, na wanakijiji wake mwenyewe, misitu yake na tembo wake. Kwa mtu anayetoka katika nchi ambazo historia yake iliandikwa kwanza na waliozivamia, hilo si jambo dogo kwangu.

Mfalme wao, ambaye Wagiriki walimwita Poros, alisimama mwaka 326 K.K. kwenye ukingo wa mashariki wa mto Jhelum, ulio Pakistani ya leo, ukiwa umefurika. Arrian anampa askari wa miguu 30,000, wapanda farasi 4,000, magari ya vita 300 na tembo 200. Kuvuka mbele yake kulikuwa kujiua, kwa sababu farasi wa Makedonia waliogopa harufu na mlio wa tembo kiasi cha kujirusha majini. Basi Alexander akafanya jambo la mtu mwenye subira. Usiku baada ya usiku aliwapeleka wapanda farasi huku na kule kandokando ya mto wakipiga makelele kana kwamba wanavuka. Usiku wa kwanza Poros alikwenda na tembo kuwapokea. Wa pili vilevile. Mwishowe akachoka kuamshwa bure akaacha kutoka. Ndipo Alexander, katika usiku wa radi na mvua, akavukia upande wa juu wa mto, karibu kilomita 27 kutoka kambini.

Kwa mchezaji, hiyo ndiyo hila ya kumzoesha mwenzako kishindo cha uongo upande mmoja wa ramani. Lakini jaribu kuiangalia kutoka ukingo wa pili. Nataka nikae nafasi ya Poros, nisikie makelele ng’ambo, niamue: niwatoe tembo au niwaache walale? Nataka nijue ilivyo kulinda mto mrefu kwa jeshi moja. Magari yake ya vita yalikwama kwenye matope. Tembo walipobanwa na kuuawa waendeshaji wao, waliwakanyaga marafiki na maadui bila kuchagua. Poros mwenyewe, mtu mrefu wa kupindukia kwa masimulizi yote, alipigana juu ya tembo wake mpaka jeraha la bega lilipomlegeza, na alipoulizwa anataka atendewe vipi, alitaka atendewe kifalme. Alexander alimrudishia nchi yake na kumwongezea nyingine.

Moja ya raha za Age of Empires ni kwamba kila taifa hujibu kwa lugha yake ukiligusa. Wahabeshi wanasema Kiamhari, Wamali Kibambara. Kiswahili bado hakijapata jeshi humo, ingawa katika gemu nyingine ya mkakati, Civilization IV ya mwaka 2005, ndicho kinachokupokea mlangoni kwa wimbo wa Christopher Tin uitwao Baba Yetu, uliotunukiwa Grammy mwaka 2011. Nakumbuka nilivyosimama siku nilipousikia kwa mara ya kwanza. Mtu wa Punjab atakayewasikia Wapuru wakimwitikia Jumanne nadhani ataelewa ninachosema.

Baada ya Jhelum, Alexander alitaka kuendelea mashariki. Hapa ndipo penye swali la mpwa wangu.

Askari wa Makedonia walikuwa wameondoka kwao miaka minane nyuma. Walikuwa wamevuka mlango wa bahari wa Hellespont na zaidi ya wanaume 30,000 wa miguu na wapanda farasi kama 5,000, na wengi wa waliokuwa pamoja nao mwanzoni walikuwa wamekufa, au wameachwa kulinda ngome za mbali wasizozitaka. Nguo za kwao zilikuwa zimechakaa. Kwato za farasi zilikuwa zimelika. Mvua ya masika ya Bara Hindi ilikuwa imewanyeshea kwa siku sabini. Walipofika mto Beas, ambao Wagiriki waliuita Hyphasis, zikaja habari za falme nyingine ng’ambo, kubwa kuliko ya Poros, zenye maelfu ya tembo. Wakakusanyika makundi makundi wakinung’unika. Alexander akawaita maofisa, akazungumza vizuri kama kawaida yake. Kimya. Akasimama Koinos, kamanda aliyepigana naye tangu mwanzo, akasema kwa niaba yao: watu wanataka kuwaona wazazi wao, kama bado wako hai, na wake zao, na watoto wao.

Alexander akajifungia hemani siku tatu akingoja wabadili mawazo. Hawakubadili. Akatoa sadaka, ishara zikawa mbaya, na hizo zikampa njia ya kurudi bila kuaibika. Akajenga madhabahu kumi na mbili kubwa kama minara, akageuka. Vilio vya furaha vilisikika kambi nzima.

Fikiria namna gemu ya uvamizi inavyotufundisha. Sehemu nyeusi ya ramani ipo ili ifunuliwe. Mji wa jirani upo ili uchukuliwe. Askari wako 200, ndio mwisho wa idadi ya watu katika gemu hii kwa kawaida, hukaa wima ukiwatazama, na ukibofya ng’ambo ya mto wataingia majini wote bila hata mmoja kugeuza shingo. Hawajui kwao ni wapi. Gemu imejengwa juu ya utii huo. Bila utii huo hakuna mchezo, naelewa. Lakini ukimsimulia Alexander bila mto Beas umemsimulia mtu mwingine.

Wengine wameligusa jambo hili kwa njia zao. Mwaka 2006 ilitoka nyongeza ya Rome: Total War iliyoitwa Alexander, ikakubana kwa zamu 100 tu za kuiteka dunia; niliona ni jibu la kijanja, kwamba adui yako ni muda wa maisha, ila askari walibaki watiifu kama mawe ya bao. Imperator: Rome ya Paradox ya mwaka 2019, inayoanza mwaka 304 K.K. wakati majemadari wa Alexander wanagawana mzoga wa dola yake, ilikwenda mbali zaidi: humo vikosi vinaweza kumpenda jemadari wao kuliko taifa, na siku akiasi wanaondoka naye. Hapo nilihisi watu ndani ya jeshi kwa mara ya kwanza.

Katika Age of Empires njia ipo, na mafundi wake wanaijua. Ndani ya ramani huwekwa maagizo ya siri: kikosi kikifika hapa, lile litokee, saa ikigonga, wale wageuke. Kwa maagizo ya namna hiyo unaweza kuwafanya askari wasimame ukingoni wasisogee. Unaweza kuwapunguzia uhai kila dakika jangwani, kama walivyopungua Gedrosia katika safari ya kurudi mwaka 325 K.K., siku sitini za mchanga katika nchi ambayo leo ni Balochistan. Huko maji yaliwaua kwa kukosekana, na usiku mmoja yakawaua kwa kuja: walipiga kambi kwenye mkondo mkavu, mvua ya mbali ikashuka, mafuriko yakawazoa wengi wa wanawake na watoto waliokuwa wakilifuata jeshi. Wakati huohuo Nearkhos, mkuu wa merikebu zake, alikuwa akirudi na merikebu kandokando ya pwani, na walipokaribia Hormuz waliiona ng’ambo rasi ya Arabuni, ile ya Musandam, ambayo manahodha wa Ghuba wanaipita mpaka leo. Alexander alikuwa akiandaa jeshi la majini kwenda Arabuni alipougua homa Babeli na kufa, Juni 323 K.K., kabla hajatimiza miaka 33.

Nimemwahidi mpwa wangu tutacheza wote Jumanne, mama yake ameshakubali, mradi kazi ya shule iwe imekwisha. Yeye anataka Wapuru, kwa ajili ya tembo. Nilimwonesha picha zao akahesabu meno. Mimi nitashika hatua za Makedonia, yeye atakaa pembeni na maswali yake. Tukifika Beas nitampa yeye kipanya.